Bibi kagoma: kisa cha kiwanda cha barafu na pampu iliyojificha

Mzee, mwenye kiwanda, alikuwa ameshaamua. Profoma ya kompresa mpya ilikuwa mezani, shilingi milioni 74, na alichohitaji kwangu ni sentensi moja yenye sahihi ya fundi: ya zamani imekwisha.

"Bibi amenichosha," aliniambia. "Kila nikipiga simu naambiwa Bibi kagoma. Andika hapo, mwanangu, benki wanataka karatasi."

Bibi ni kompresa ya pistoni, mashine inayokandamiza amonia, gesi ya kupozea. Inazungushwa kwa mikanda, na ilinunuliwa ikiwa tayari imetumika. Inapiga kelele na imepakwa rangi mara tatu. Pembeni yake kuna kompresa nyingine ya kisasa, yenye kontrola ya umeme na kioo kinachoonyesha namba. Hiyo wafanyakazi wanaiita Mgeni, ingawa ina miaka sita pale ndani.

Kiwanda ni kidogo, kiko ufukweni upande wa Ilemela, njia ya kwenda Igombe. Jina silitaji, na namba za fedha nimezizungusha kwa ombi la mwenyewe. Kazi yake ni mabonge ya barafu. Kompresa mbili zinapoza tangi la maji ya chumvi, makopo ya maji baridi yanazamishwa humo, na baada ya saa nyingi bonge linatolewa. Wateja wakubwa ni wenye mitumbwi ya kukusanya sangara, inayokwenda Ukerewe na visiwa vya upande wa Sengerema kama Kome. Viwanda vya minofu viliposhamiri Mwanza miaka ya 1990, barafu iligeuka kuwa sehemu ya bei ya samaki. Mtumbwi ukifika alfajiri ukakuta bonge bado lina maji katikati, hausubiri. Unakwenda kwa jirani, na mteja aliyekwenda kwa jirani kumrudisha ni kazi.

Kwa hiyo hasira ya Mzee ilikuwa na msingi. Nilichotaka kujua ni kama ilikuwa imemwelekea mhusika.

Viwanda vingi vya kiwango hiki havina kumbukumbu. Hiki kilikuwa nayo, tena kwa sababu ambayo haikuhusu ufundi hata kidogo. Wafanyakazi wa zamu ya usiku wanalipwa nyongeza mashine ikisimama wakaitengeneza, hivyo kijana mmoja alikuwa na daftari lenye tarehe, saa ya kusimama, saa ya kuwaka, na namba ya mita ya saa ya kila mashine. Alijua akikosea atabishiwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo hakukosea. Lilianza Februari 2022 na nililichukua mwisho wa Januari 2023. Mwaka mzima kamili.

Zamu ya mchana haikuwa na nidhamu hiyo. Huko niliokolewa na mama wa mahesabu, ambaye daftari lake la mauzo linaonyesha kila siku mabonge mangapi yalitoka. Siku ambayo mabonge yalipungua bila sababu, tulikaa na watu wa mchana tukaulizana hadi wakakumbuka. Kazi hiyo ilichukua siku tatu na chai nyingi, na nathubutu kusema ndiyo iliyoamua kila kitu kilichofuata. Hesabu yenyewe ingeweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha pili.

Kwanza tulikubaliana neno. Hitilafu kwetu ilikuwa kusimama kusikopangwa, kunakopunguza barafu. Kusimamisha mashine kwa sevisi hakukuhesabiwa. Umeme ukikatika haikuwa hitilafu ya kompresa, lakini jenereta lisipowaka, hiyo ni hitilafu ya jenereta. Kwa kipimo hicho mwaka ule ulikuwa na hitilafu 47.

Sasa daftari la kijana, kama lilivyoandikwa, lilimpa Mzee haki: Bibi alikuwa na hitilafu 23, karibu nusu ya zote. Pampu ya ziwani ilikuwa na 7 tu. Kama ningehesabu majina peke yake, ningesaini ile karatasi siku hiyohiyo.

Kilichonizuia ni neno lililokuwa likijirudia: "Bibi kagoma, tumebonyeza kitufe, kawaka." Kitufe chekundu kilicho ubavuni mwa Bibi ni cha swichi ya mgandamizo mkubwa. Kazi yake ni kumzima Bibi pale mgandamizo wa gesi upande wa kutolea unapopanda kupita kiasi, na makusudi imetengenezwa isijirudishe yenyewe, ili mtu aende kwanza akaangalie kumetokea nini. Na sababu kubwa ya mgandamizo kupanda ni moja: gesi ya moto imefika kwenye kondensa ikakuta hakuna maji ya kuipoza. Maji hayo yanaletwa na pampu kutoka ziwani.

Pampu ikivuta hewa au ikizibwa na magugumaji haitoi mlio, mota inaendelea kuzunguka kama kawaida. Dakika chache baadaye mgandamizo unapanda na Bibi anazimwa na swichi yake. Mgeni hazimiki mapema, kwa sababu kontrola yake ikiona mgandamizo unapanda inapunguza kwanza mzigo wa mashine, kwa hiyo anabaki akizunguka taratibu huku watu wakimkimbilia Bibi. Mtu wa zamu akija anakuta Bibi kimya, Mgeni anafanya kazi. Ungeandika nini wewe?

Tulipitia maingizo yote 23. Kila palipotajwa kitufe tuliangalia kama saa ileile kuna mtu alisafisha chujio, alijaza maji kwenye bomba la kunyonyea au alibadili sili ya pampu, ile inayozuia kuvuja. Maingizo 14 yalikuwa ya pampu. Bibi akabaki na 9, pampu ikapanda kutoka 7 hadi 21. Mgeni alikuwa na 6 na jenereta 11.

Nilimwonyesha kijana wa usiku. Alicheka, akasema, "Kumbe tulikuwa tunampiga mama mkwe kwa kosa la mtoto." Niliiandika pembeni ya daftari.

Baada ya hapo tukagawanya. Bibi alizunguka saa 5,400 kwa hitilafu 9, yaani wastani wa saa 600 kati ya hitilafu moja na nyingine. Vitabu vya ufundi huufupisha wastani huu kwa herufi MTBF. Kusimama kwake kote kulikula saa 63, sawa na saa 7 kila mara. Mgeni alizunguka saa 5,100 kwa hitilafu 6, wastani wa saa 850. Anaonekana bora. Lakini hitilafu zake sita zilikula saa 150, yaani saa 25 kila moja. Ukichukua saa za kuzunguka ukazigawa kwa jumla ya saa za kuzunguka na za matengenezo, Bibi alikuwa tayari kwa kazi asilimia 98.8 ya muda aliohitajika. Mgeni asilimia 97.1. Kizee kilikuwa kinampita kijana, kwa sababu kikiharibika kinatengenezeka hapohapo kwa spana na spea za mjini, wakati Mgeni akiharibika anasubiri kifurushi kutoka Dar es Salaam.

Mzee hakupenda. "Lakini Bibi ni wa zamani," alisema, kana kwamba hilo ni jibu. Na kwa kweli kwa watu wengi ni jibu. Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United walitoa ripoti kuhusu sehemu za ndege zinavyoharibika. Waliona kwamba ni asilimia 11 tu ya sehemu walizochunguza zilizoonyesha uhusiano na umri, kwamba zikizeeka zinaharibika zaidi. Asilimia 89 zilizobaki hazikuwa na umri wa kuzeeka unaoweza kuuwekea tarehe. Kompresa si ndege, na chuma kinachosuguana na chuma kinachakaa, sitaki kulichukua jambo hilo mbali kuliko linavyokwenda. Lakini tarehe ya kununuliwa peke yake ni shahidi dhaifu.

Shahidi mzuri ni mapengo. Namaanisha saa zilizopita kati ya kila hitilafu na inayofuata, zikiwa zimepangwa kwa mfuatano wake. Wastani unachukua mapengo yote na kuyachanganya kwenye chungu kimoja, halafu hujui tena lipi lilitangulia.

Mapengo ya Bibi yalikuwa hivi: 610, 540, 700, 480, 660, 590, 520, 710, 590. Hayapungui, hayaongezeki. Ukiukata mwaka wake katikati kwa saa za mita, nusu ya kwanza ina hitilafu 4 na ya pili 5. Mashine inayokufa haiendi hivyo. Na kuna jambo la pili ambalo lilinishtua zaidi: mapengo yamefanana mno. Hitilafu za bahati nasibu hazina adabu ya namna hiyo, zinaweza kukupa mbili ndani ya wiki kisha zikakaa kimya miezi mitatu. Ukiona pengo fupi ni 480 na refu ni 710, jua kuna kitu kimoja kinachochakaa kwa mwendo uleule, kikibadilishwa kinaanza upya.

Kitu hicho kilikuwa mkanda. Zote tisa. Mkanda wa Bibi ukikatika unalia kama risasi, ndiyo maana kila mtu pale, hadi mama lishe wa nje, alikuwa na habari za ubovu wa Bibi.

Mikanda ya namna ile haitakiwi kufa kwa saa 600. Tulivuta uzi kutoka uso wa puli ya mota hadi uso wa puli ya kompresa, na uzi ukaonyesha puli hazitazamani: moja imetoka nje karibu nusu ya upana wa kidole. Mifereji ya puli ndogo ilikuwa imelika hadi mkanda unakalia chini badala ya kubana pembeni. Puli mbili mpya na kunyoosha kitako cha mota kulikuwa shilingi milioni 1.1. Na kwa sababu pengo fupi kuliko yote lilikuwa 480, hata kabla puli hazijafika tulianza kubadili mikanda kila saa 450, mchana, kwa saa moja na nusu, badala ya kusubiri ikatike saa nane usiku, wakati maduka ya mjini yamefungwa, na kupoteza saa 7.

Hapa ndipo kazi ya Mswidi Waloddi Weibull, ambaye makala yake mashuhuri ilitoka mwaka 1951, inamfaa fundi hata asiyependa hesabu. Mgawanyo wake, yaani hesabu ya jinsi umri wa kufa kwa vifaa unavyotawanyika, una namba moja ya umbo. Ikiwa chini ya 1, kifaa kinakufa zaidi kikiwa kichanga. Ikiwa 1, umri hauna maana. Ikiwa juu ya 1, kinachakaa, na kadiri inavyozidi kupanda vifo vinasongamana karibu na umri mmoja. Mikanda ya Bibi ilikuwa juu sana ya 1. Kubadili kitu kwa ratiba kunalipa katika hali hiyo ya tatu peke yake. Ukibadili kwa ratiba kitu kinachokufa kwa bahati nasibu unatupa spea nzima. Ukibadili kinachokufa kichanga, unajinunulia matatizo kila ukifungua boksi jipya.

Sasa pampu. Saa 7,350, hitilafu 21, wastani 350. Mzee alipouona aliuliza swali zuri: "Kwa hiyo nikiitengeneza leo, nina saa 350?" Hapana. Hata hitilafu zingekuwa za bahati nasibu tupu, ni mara 37 tu katika 100 ambazo pampu ingeufikia huo wastani bila kusimama. Wengi hufikiri ni nusu kwa nusu. Lakini kwa pampu hii hata hiyo 37 ilikuwa ndoto, kwa sababu ya mfuatano. Hitilafu saba za kwanza zilichukua saa 4,220. Saba za kati zilichukua 2,220. Saba za mwisho, saa 910. Ukiukata mwaka katikati, nusu ya kwanza ina hitilafu 5, ya pili 16.

Kwa hiyo pampu yenye wastani wa saa 350 haikuwapo. Iliyokuwapo Januari ilikuwa ya saa 130, na inaendelea kushuka. Ile 350 ilikuwa kumbukumbu ya pampu nzuri ya Februari iliyopita, imechanganywa na ya sasa inayokata roho.

Kwa nini? Hilo daftari haliwezi kukuambia, inabidi uvue viatu. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda sana na kumeza mabanda mengi ya ufukweni, bomba la kunyonyea lililazimika kuvutwa nyuma kuelekea nchi kavu. Maji yalipoanza kurudi, hakuna aliyelisogeza mbele tena. Mdomo wa bomba ukabaki kwenye kina cha magoti, mahali ambapo upepo wa mchana unasukuma magugumaji na kuchafua mchanga. Chujio likizibwa nusu, pampu inavuta kuliko inavyopata. Mgandamizo upande wa kunyonya unashuka hadi maji yanatoa vipovu kama yanachemka, na vipovu vinapasukia kwenye impela, gurudumu la ndani linalosukuma maji. Ukiweka sikio unasikia kama kuna changarawe ndani. Pampu yetu ilikuwa na vyote, vipovu na mchanga. Impela ilikuwa imeng'atwang'atwa kama muhindi uliochomwa, na impela iliyoliwa upande mmoja inatikisika, ikitikisika inakula beringi, beringi ikilegea sili inavuja, sili ikivuja hewa inaingia, na mara inayofuata maji yanakatika mapema zaidi. Mapengo yanapungua kwa sababu kila ukarabati ulikuwa ukibadili kipande kilichokufa na kuacha kilichokiua.

Fundi wa pampu aliyekuwa akiitwa hakuwa mjinga. Kila mara alikuta sili imekufa, akaweka sili. Hakuna aliyewahi kumwonyesha mara 21 kwa pamoja.

Kuhusu Mgeni nitakuwa mfupi, ingawa ndiye aliyeleta ugomvi. Mafundi wa nje wanamfanyia sevisi kila saa 1,000 kwa mkataba, na mwaka ule walikuja mara tano. Kati ya hitilafu zake sita, nne zilitokea ndani ya siku tatu baada ya sevisi: waya wa sensa uliolegea, oringi ya zamani iliyorudishwa kwenye filta ya oili, mambo ya namna hiyo. Jambo hili ni la kale. Katika Vita Kuu ya Pili, mwanabiolojia wa Uingereza C. H. Waddington na wenzake walichunguza ndege za Liberator zilizolinda pwani, ambazo zilikaguliwa kila baada ya saa 50 za kuruka. Waliona hitilafu zinapanda mara tu baada ya ukaguzi, kisha zinashuka kadiri saa zinavyosonga. Mkono unaofungua kitu kizima unaweza kukiacha kibovu. Tulipendekeza vitu vifunguliwe pale kipimo kinapoonyesha, kwa mfano tofauti ya mgandamizo kabla na baada ya filta, na mafundi wasiondoke hadi mashine izunguke saa mbili mbele ya mtu wetu. Wenye mkataba hawakufurahi. Katika zile saa 150 za Mgeni, 112 zilikuwa za kusubiri kadi moja ya kontrola. Kadi ya akiba ni shilingi milioni 1.9, na sasa iko kabatini.

Jenereta lina kipimo chake. Kulihesabu kwa saa ni kulionea, maana kazi yake kubwa ni kuitika likiitwa. Mwaka ule, pamoja na mgao wa miezi ya mwisho ya 2022, liliitwa mara 140 na likakataa mara 11. Nane kati ya hizo ni betri. Betri mpya, na kuliwasha kila Jumatatu hata umeme ukiwapo. Basi.

Kilichombadilisha Mzee hakikuwa mapengo wala Weibull. Kilikuwa barafu. Tulibadili saa za kusimama kuwa saa za kiwanda kizima. Kompresa moja ikisimama tunapoteza nusu, na hapo nilimwonea Bibi kwa kuhesabu hivyo hata miezi ya biashara ndogo ambapo mmoja angetosha. Saa 63 za Bibi zikawa kama 32, na 150 za Mgeni zikawa 75. Pampu ni tofauti, ikisimama vyote vinasimama. Saa zake 63 za matengenezo ni 63 kamili. Halafu maji ya chumvi yanakuwa yamepanda kutoka nyuzi 9 chini ya sifuri hadi 4 chini ya sifuri, na kuyarudisha ni saa nyingine 4, mara 21. Jumla 147. Jenereta liliongeza kama 40. Kiwanda kilipoteza saa 294 mwaka ule, na nusu kamili ilikuwa ya mashine ambayo hakuna aliyekuwa akiilaumu.

Saa moja ya kiwanda kizima ni barafu ya kama shilingi 70,000. Hasara ya Bibi kwa mwaka ni shilingi milioni 2.24. Kumtoa kwa milioni 74 ili kuokoa hiyo kungehitaji miaka 33, hata kama kompresa mpya isingeharibika milele. Kwa pampu hatukutumia hasara ya mwaka uliopita, kwa sababu pampu ya mwaka uliopita haipo tena. Tulitumia pengo la 130: saa 7,350 za mwaka ujao zingeleta hitilafu kama 56, kila moja saa 7 za barafu, jumla zaidi ya shilingi milioni 27, tukijifanya kwamba haizidi kuharibika.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamwita mama wa mahesabu, akamuuliza, "Mama, hizi ni hela zangu kweli?" Mama akasema, "Ni zako, Mzee. Zilikuwa zinaenda ziwani."

Pendekezo halikuwa kubadili pampu peke yake. Pampu mpya kwenye bomba lilelile ingekuwa na mwaka mmoja mzuri na kurudi palepale. Tulipeleka mdomo wa bomba mita 60 mbele, ukiwa umeinuliwa kutoka kwenye mchanga na kuzungushiwa tundu la nondo na wavu. Tukanunua pampu mbili badala ya moja, kila moja na bomba lake la kunyonyea. Hilo la mabomba mawili lilibishaniwa sana, maana lilipandisha gharama. Lakini pampu mbili zinazonyonya kupitia mdomo mmoja zinakufa pamoja gugumaji moja likiziba, na hesabu nzuri ya akiba inabaki kwenye karatasi. Jumla ilikuwa shilingi milioni 12.

Kuna kitu ambacho namba hizi hazikukibeba, na ilibidi nikiandike peke yake kwenye ripoti. Mara mbili mwaka ule watu walisikia harufu ya amonia karibu na Bibi, kwenye sili ya shafti. Mashine haikusimama, barafu haikupungua, kwa hiyo kwa tafsiri yetu haikuwa hitilafu. Kwa mapafu ya mtu wa zamu ya usiku ni jambo jingine kabisa. Sili ilibadilishwa bila kusubiri hesabu yoyote, na valvu ya usalama vilevile, maana desturi ya kazi ya amonia ni kuibadili kila miaka 5, na hakuna aliyekumbuka ya pale ilifungwa lini. Kama Bibi angekuwa na ufa kwenye mwili, ningesaini karatasi ya Mzee hata kama angekuwa tayari kwa kazi asilimia 99 ya muda.

Miezi sita baadaye nilirudi kuangalia daftari. Pampu zilikuwa zimefanya kazi saa 3,600 na kusimama mara 4, na mara moja tu kati ya hizo kiwanda kilisimama nazo. Mbili kati ya nne zilitokea ndani ya saa 200 za kwanza: gasketi iliyokuwa ikivuta hewa, na kinga ya mota iliyofungwa kwa kipimo kisicho chake. Makosa yetu wenyewe ya kufunga, ya utotoni. Nilikuwa nimemwonya Mzee kwamba mwezi wa kwanza unaweza kuwa mbaya, na nashukuru nilifanya hivyo, kwa sababu siku ya tatu alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri.

Mgeni alikuwa na hitilafu moja katika muda huo. Nusu mwaka na hitilafu moja haviwezi kuthibitisha chochote kuhusu mpango mpya wa sevisi, na wenye mkataba wameniambia hivyo, na wako sahihi. Tunasubiri daftari lijae.

Profoma ya milioni 74 bado iko kwenye droo ya mezani. Bibi anazunguka. Kijana wa zamu ya usiku amemwandika ubavuni kwa chaki namba ya mita siku mikanda ilipofungwa kwenye puli mpya. Nilipopita mara ya mwisho ilikuwa imetimiza saa 1,340, haijakatika hata mmoja, na aliyekuwa ameinama anaisoma mita alikuwa Mzee.